Mwandishi wa Usiku, Mchuuzi wa Mchana: Riwaya Pendwa na Mitaa ya Msimbazi, 1965–1990



1.0 Utangulizi

Historia ya fasihi ya Kiswahili imezoea kuuliza maswali mawili kuhusu kitabu: kimetungwa na nani, na kinasema nini. Swali la tatu, yaani kilimfikiaje msomaji, limeachwa kwa watu wa biashara, kana kwamba halituhusu sisi wa lugha na fasihi. Katika mhadhara huu nakusudia kulichukua swali hilo na kulirudisha mahali pake.

Hoja yangu ni kwamba mwandishi wa riwaya ya Kiswahili aliyeishi Dar es Salaam kati ya miaka ya 1960 na 1990 alikuwa, kwa kawaida, mtu wa kazi mbili au tatu. Mshahara wake ulitoka kwingine. Kuandika kulipata saa zilizobaki. Na kitabu kilipotoka mtamboni, kukitangaza na kukiuza nako kulikuwa juu yake. Uhaba huo wa wakati na fedha uliacha alama katika lugha na umbo la riwaya yenyewe, na alama hizo tunaweza kuzisoma.

Nitajifunga na eneo la Msimbazi na Kariakoo. Msimbazi ni jina la mto unaopita bonde la Jangwani kabla ya kuingia baharini, na pia ni jina la mtaa mkubwa unaopita Kariakoo. Kariakoo nayo, kama wengi mjuavyo, ilipata jina lake kutokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Eneo lililoanza na wapagazi liliendelea kuishi kwa kubeba, kushusha na kusambaza. Jengo la soko lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975 lilithibitisha tu hali iliyokuwapo: kitu kilichotaka kufika mikoani kilipita hapo kwanza.

2.0 Maneno ya Kunadi

Tuanze na msamiati, kwa kuwa lugha huhifadhi historia ambayo majalada hayakuihifadhi. Mtu anayetaka kazi yake mpya ijulikane ana vitenzi kadhaa mbele yake. Anaweza *kuinadi*. Kitenzi hiki kinatokana na Kiarabu, kwa maana ya kuita kwa sauti, na ndicho ndugu wa neno mnada. Anaweza *kuipigia mbiu*, yaani kutumia baragumu ya pembe iliyokusanya watu kijijini. Anaweza *kuizindua*, kitenzi ambacho maana yake nyingine ni kumgutusha aliyelala. Na anaweza *kuipigia debe*.

Usemi huu wa mwisho ndio unaotuhusu zaidi. Debe limetujia kutoka lugha za Bara Hindi; ni chombo cha bati cha mafuta ambacho sokoni kiligeuka kuwa kipimo cha nafaka. Likiwa tupu hutoa sauti kubwa likipigwa. Baada ya mabasi ya watu binafsi, yaani daladala, kuruhusiwa rasmi mwaka 1983, mpiga debe akawa mtu anayejulikana katika kila kituo cha jijini. Maneno haya yote yanasimama juu ya sauti. Katika fikra ya Kiswahili, kutangaza ni kupaza sauti mbele ya watu waliokusanyika. Neno lililochapwa, ambalo ni kimya, linahitaji mtu wa kulisemea. Jambo hili tulishike, maana tutalirudia.

3.0 Watangulizi: Karani, Mhariri na Mwenye Duka

Mwandishi mwenye kazi nyingine si uzushi wa miaka ya 1970. Shaaban Robert (1909–1962) alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu 1926 kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya maandishi yake ilipatikana ndani ya miaka hiyo ya ukarani. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alikuwa mkaguzi wa afya, kisha mhariri wa magazeti, wakati Bwana Msa wake alipoanza upelelezi katika *Mzimu wa Watu wa Kale* (1960).

Hapa Dar es Salaam mfano wa awali ni Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyekuwa na duka jijini. Mwaka 1934 alianzisha African Welfare and Commercial Association, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la *Kwetu*, gazeti la kwanza Tanganyika kumilikiwa na Mwafrika. Fiah alikuwa mwenye duka, mwanasiasa na mhariri kwa pamoja. Ingawa kazi yake ilikuwa gazeti na si riwaya, yeye ndiye aliyeonyesha njia: mwenye neno la kusema, asiye na mchapishaji wa kumsemea, hulichapisha mwenyewe kwa faida ya biashara nyingine.

Tofauti ni kwamba Shaaban Robert na Abdulla walikuwa na taasisi za kuwachapisha. East African Literature Bureau, iliyoundwa mwaka 1948, ilitoa mashindano, wahariri na mtandao wa usambazaji. Ndiyo iliyochapisha *Simu ya Kifo* ya Faraji Katalambula mwaka 1965, riwaya ambayo wengi wetu tunaihesabu kuwa mwanzo wa riwaya ya upelelezi Tanzania Bara. Mwandishi wa namna hiyo alikabidhi mswada akarudi kazini kwake. Kunadi hakukuwa juu yake.

4.0 Mchapishaji wa Mkoba

Hali hiyo ilivunjika kwa sababu tatu zilizokutana. Kwanza, wasomaji waliongezeka. Mwaka 1967 zaidi ya 60% ya watu wazima hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za serikali, waliobaki walikuwa karibu 10%. Pili, jiji lilikua. Mkoa wa Dar es Salaam ulihesabiwa watu 356,286 katika sensa ya 1967, 843,090 mwaka 1978, na 1,360,850 mwaka 1988. Wengi wa wageni hao walikuwa vijana waliojua kusoma, na Bara hakukuwa na televisheni hadi 1994. Tatu, taasisi zilidhoofika wakati ule ule wasomaji walipozidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vya 1978–1979 na uhaba wa fedha za kigeni vikafuata. Tanzania Publishing House, iliyoanzishwa 1966, ilikosa karatasi kama walivyokosa wengine, na kilichopatikana kilitangulia kwenda kwenye vitabu vya shule.

Hivyo wasomaji walikuwapo, waandishi walikuwapo, lakini daraja la kati halikuwapo. Waandishi wakalijenga kwa mikono yao. Mwanahistoria Emily Callaci, katika *Street Archives and City Life* (2017), ameeleza kwa kina mtandao huu wa watu wanaoweza kuitwa wachapishaji wa mkoba, kwa kuwa ofisi yao yote ilienea ndani ya mkoba mmoja. Mwandishi alitafuta fedha kwa ndugu na marafiki, akatafuta karatasi, akapatana na mwenye mtambo wa uchapaji, kisha akazichukua nakala na kuzipeleka kwa wauzaji wa barabarani.

Kariakoo ilikuwa mahali mwafaka kwa kazi hiyo. Mitambo ya uchapaji haikuwa mbali. Mabasi ya mikoani yaliondokea katikati ya jiji, Kisutu na Mnazi Mmoja, kabla ya kuhamishiwa Ubungo, na msafiri wa safari ndefu ni msomaji ambaye hajanunua kitabu bado. Mfanyabiashara wa jumla aliyekuja kuchukua mali ya duka lake la mkoani aliweza kuongeza vitabu kadhaa katika mzigo wake.

Tazama waandishi wenyewe. Aristablus Elvis Musiba, aliyeanza na *Kufa na Kupona* (1974), alikuwa mfanyabiashara, na baadaye aliongoza Chemba ya Wafanyabiashara, Wenye Viwanda na Wakulima. Kajubi Mukajanga aliendesha Grand Arts Promotions, kampuni iliyotoa vitabu vyake, kabla ya kuingia kwa muda mrefu katika uongozi wa Baraza la Habari Tanzania. Ben Mtobwa, mzaliwa wa Kigoma mwaka 1958, alikuwa mwandishi wa habari. Akaanzisha Heko, iliyochapisha *Dar es Salaam Usiku* mwaka 1990. Hakuna kati ya hawa aliyekuwa na anasa ya kuwa mwandishi tu. Saa iliyotumika kumshawishi mwenye mtambo ilitolewa katika saa za sura inayofuata.

5.0 Athari katika Umbo na Lugha

Wahakiki wa wakati ule waliziita kazi hizi fasihi chapwa, na walizilinganisha na riwaya dhati kwa hasara yake. Sitetei kila kitabu. Vipo vilivyoandikwa kwa haraka mno, vyenye makosa ya chapa katika kila ukurasa, na vyenye visa vilivyonyofolewa katika filamu za kigeni. Ninalosema ni kwamba sifa tunazozihesabu kuwa udhaifu wa kisanaa mara nyingi ni majibu ya busara kwa tatizo la mtu asiye na wakati wala fedha ya kutangaza.

La kwanza ni shujaa anayejirudia. Willy Gamba wa Musiba na Joram Kiango wa Mtobwa hupita kutoka kitabu hadi kitabu. Kinadharia tunaweza kusema hii ni kanuni ya riwaya ya upelelezi popote duniani. Lakini kwa mwandishi wa mkoba ilikuwa pia njia ya kuokoa nguvu. Aliyekwisha kumshawishi msomaji mara moja hakuhitaji kumshawishi upya. Jina la shujaa lilikuwa tangazo lililolipiwa tayari na kitabu kilichotangulia.

La pili ni ufupi na mgawanyo. Vitabu vingi vilikuwa vyembamba, na vingine vilitolewa kwa sehemu, kama *Mpenzi* ya Mukajanga. Sehemu ya kwanza ilipouzwa, fedha yake iliweza kununua karatasi ya sehemu ya pili. Hapa muundo wa kisa na mzunguko wa mtaji ni kitu kimoja.

La tatu, ambalo kwa mwanaisimu ndilo tamu zaidi, ni anwani. Linganisha anwani za Shaaban Robert, kama *Utubora Mkulima* au *Adili na Nduguze*, na za Mtobwa, kama *Pesa Zako Zinanuka* au *Tutarudi na Roho Zetu?* Zile za kwanza ni vikundi nomino; zinamtaja mhusika na kunyamaza. Za pili ni sentensi kamili. *Pesa Zako Zinanuka* ina kimilikishi cha nafsi ya pili, na kwa hiyo mpita njia yeyote anayeisikia anakuwa msemeshwa, apende asipende. *Tutarudi na Roho Zetu?* ni swali la wakati ujao ambalo jibu lake limo ndani ya kitabu, na kitabu kina bei. *Tuanze Lini?* ya Mukajanga imejengwa vivyo hivyo. Hata anwani iliyo kikundi nomino iliweza kuwa na mlio: katika *Kikosi cha Kisasi* ya Musiba (1979), ngeli ya KI-VI imezaa takriri inayokaa vizuri kinywani.

Sidai kwamba waandishi walikaa chini wakapanga sarufi kwa ajili ya mchuuzi. Ninadai kwamba anwani iliyoweza kutamkwa kwa sauti barabarani ilikuwa na nafasi bora ya kuishi. Kwa njia hii kitabu kilichopigwa chapa kilirudi katika mkondo wa kunadi na kupiga debe tuliouona katika sehemu ya pili. Kilijifunza kujisemea.

6.0 Nani Hakuwa na Saa za Ziada?

Maelezo haya yasiposema habari za wanawake yatakuwa nusu. Orodha ya wachapishaji wa mkoba ni orodha ya wanaume, na katika vitabu vyao mwanamke wa mjini mara nyingi ni kishawishi au ni mzoga wa sura ya kwanza. Si kwamba wanawake hawakuandika. Ndyanao Balisidya alitoa *Shida* mwaka 1975. Penina Muhando alitoa *Hatia* mwaka 1972, akaendelea kutunga tamthilia huku akifundisha chuo kikuu. Lakini kazi zao zilipitia kwa wachapishaji rasmi. Utaratibu wa mkoba ulidai mtu awe huru jioni, azunguke mitaani, akope kwa marafiki wa kazini na vijiweni. Mwanamke mwenye ajira alirudi nyumbani kuanza kazi ya pili isiyo na mshahara. Mfumo uliowafungulia vijana wa kiume mlango ulikuwa na kizingiti ambacho wao hawakukiona.

7.0 Hitimisho

Utaratibu huu haukufa na miaka ya 1980, ulibadili chombo. Eric Shigongo alijenga msomaji wake kwa kuchapisha hadithi mfululizo katika magazeti ya kampuni yake mwenyewe, na waandishi wa leo hutuma sura moja moja kwa simu. Bado wana ajira nyingine, na bado wanajinadi.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Vitabu nilivyovitaja vilichapwa kwa karatasi duni, vikaazimwa mpaka vikachanika. Nyumba za Kiswahili za Kariakoo zilizohifadhi marobota yake zimevunjwa, maghorofa yamepanda. Mtobwa alifariki mwaka 2008, Musiba mwaka 2010. Kila mwaka tunapoteza mpiga chapa aliyekumbuka idadi ya nakala, au muuzaji aliyekumbuka kitabu kipi kilikwisha kwa siku moja. Tumeandika tahakiki nyingi za dhamira katika riwaya pendwa. Hatujaandika maisha yake.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi walioko hapa, hasa wanaotafuta mada za shahada ya uzamili, wafanye mambo mawili. Wakusanye nakala, hata zisizo na jalada, kutoka kwa wauzaji wa vitabu vikuukuu na makabatini mwa wazazi wao. Na wawarekodi waandishi, wapiga chapa na wachuuzi waliosalia, wakiwauliza maswali ambayo hatukuwauliza: karatasi ilitoka wapi, nani alikopesha, uliandika saa ngapi. Majibu ya maswali hayo ni sehemu ya historia ya fasihi ya Kiswahili, sawasawa na tarehe ya kuchapishwa kwa kitabu.