Mota Mhimili: Jina la Kile Anachokinunua Dijei

Kwenye boksi la mashine ya santuri huandikwa "dairekti draivu", na muuzaji akiulizwa maana yake hujibu haraka: "Inaendesha moja kwa moja." Mnunuzi huitikia, hulipa, huondoka. Lakini moja kwa moja kutoka wapi hadi wapi? Tafsiri hiyo imebeba maneno yote mawili ya Kiingereza na kukiacha nyuma kile yanachokieleza, yaani mahali ilipo mota. Napendekeza tuseme mota mhimili, na hoja yangu ni kwamba dijei anayelielewa jina hili amekwisha kujua zaidi ya nusu ya anachopaswa kukikagua dukani.

Tupange kwanza majina ya vipande. Santuri kwetu imekuwa jina la mashine na la sahani inayopigwa juu yake, na katika mazungumzo ya barazani hakuna aliyepata hasara. Fundi ndiye mwenye haja ya kuvitenganisha. Hapa santuri ni ile sahani ya vinili, mashine ya santuri ni chombo kizima, sinia ni duara linalozunguka na kuibeba santuri, na mkono ni ule ulioshika sindano. "Meza mzunguko" nimewahi kuisikia pia. Ina meza ambayo haipo, basi tuiache.

Mashine za nyumbani nyingi hutumia mkanda. Ni mpango ule ule wa cherehani ya miguu: nguvu iko pembeni, na mkanda huipeleka kwenye kinachozunguka. Kwa msikilizaji aliyekaa kochini mpango huu una heri, kwa sababu mpira humeza mtetemo wa mota usifike kwenye sindano. Ila mkanda hulegea kadiri miaka inavyopita, na ukilishika sinia kwa mkono huteleza. Ukiliachia, linajivuta taratibu hadi lirudie mwendo wake.

Mhandisi Shuichi Obata na wenzake wa kampuni ya Matsushita, huko Osaka, waliuondoa mkanda kabisa. Mashine yao, Technics SP-10, ilitoka mwaka 1970, na mwaka 1972 ikafuata SL-1200, iliyokusudiwa wapenda muziki wa majumbani. Katika SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ligeuze sinia uone: chini yake pamefungwa sumaku ya duara, na koili zimekaa kwenye fremu kuizunguka pini ya kati. Hakuna kinachosukuma sinia kutoka pembeni, kwa sababu sinia lenyewe ni sehemu ya mota. Mota iko kwenye mhimili, neno lile lile tulilofundishwa shuleni tulipoambiwa kwamba dunia huzunguka kwenye mhimili wake.

Mwanasarufi atauliza kwa nini si "mota ya mhimilini". Haitakuwa kosa, lakini ni ndefu kwa mtu anayepiga kelele katikati ya spika. Lugha yetu imezoea kuweka nomino mbili pamoja na kumwachia msikilizaji aunge mwenyewe: tunasema askari kanzu, na hakuna anayedhani kuwa askari huyo ni kanzu. Kwa njia hiyo hiyo tutapata mota mhimili na mota mkanda, na tofauti yake itasikika bila maelezo.

Tofauti hiyo ilianza kuwa na uzito mkubwa Bronx, New York. Dijei Kool Herc, katika sherehe ya tarehe 11 Agosti 1973 ambayo wengi huihesabu kuwa chanzo cha hip hop, alijua kwamba wachezaji walikuwa wakisubiri kile kipande kifupi ambapo ngoma hubaki peke yake. Baadaye akawa anatumia nakala mbili za santuri moja ili kipande hicho kirudie na kurudia. Grandmaster Flash, aliyekuwa amesomea elektroniki katika shule ya ufundi, aliufanya mchezo huo kuwa sayansi: alichora alama juu ya santuri ajue kipande kinaanzia wapi, akaweka mkono juu yake, akairudisha nyuma huku sinia likiendelea kuzunguka chini. Mpira wa juu ya sinia, uliokuja na mashine, ulikuwa unang'ang'ania santuri. Akaweka mahali pake kitambaa cha felti kilichotiwa wanga na kupigwa pasi, na mama yake alikuwa mshonaji, kwa hiyo ujuzi ulikuwa nyumbani. Madijei wa leo huita kitambaa hicho slipumati. Kitambaa telezi kingetosha.

Kinachopimwa hapo ni kani ya kuzungusha, yaani uwezo wa mota kulizungusha sinia dhidi ya kinacholizuia. Kwa SL-1200MK2 kani hiyo wakati wa kuanza ni kilo-sentimita 1.5. Tarakimu hii huwatisha watu bure. Maana yake ni kwamba umbali wa sentimita moja kutoka katikati, sinia linavuta kama uzito wa kilo moja na nusu. Ukingoni mwa santuri ya inchi 12, sentimita 15 kutoka katikati, mvuto huo ni gramu 100 tu. Kidole kimoja kinalisimamisha. Lakini gramu hizo 100, zikisaidiwa na kitambaa telezi, zinatosha sinia lisijali mkono wako, na ukibonyeza kitufe cha kuanzia linafikia mwendo kamili kwa sekunde 0.7, ndani ya robo ya mzunguko. Pioneer PLX-1000, iliyotoka mwaka 2014, ina kani karibu mara tatu ya hiyo. Kwa anayekwaruza santuri kwa nguvu hiyo ni faida ya kweli. Kwa anayechanganya nyimbo polepole, akirekebisha mwendo kwa kugusa ukingo wa sinia, mota yenye nguvu nyingi hivyo huweza kuonekana kaidi.

Kuna neno jingine lililoingia vibaya. Kile kitelezi cha upande wa kulia madijei hukiita "pichi", ilhali kinachobadilika ni mwendo. Kimo cha sauti hufuata tu, kwa lazima. Kidhibiti mwendo ndilo jina la haki. Ongeza mwendo kwa asilimia 6 na wimbo mzima unapanda karibu nusu toni. MK2 huruhusu asilimia 8 juu na 8 chini, na fuwele ya kwazi ndani yake huushika mwendo bila kutegemea umeme wa ukutani unavyoyumba. Kwa miji yetu hilo si jambo dogo.

Mtayarishaji wa muziki ana haja tofauti kidogo. Yeye hakwaruzi. Anataka kunyofoa sekunde chache za ngoma au gitaa ziingie kwenye kompyuta zikiwa safi, kwa hiyo sindano nzuri na mwendo usioyumba vinamfaa kuliko kani kubwa, na hata mota mkanda iliyo imara inaweza kumtosha. Kasi, hata hivyo, inamhusu. Watayarishaji waliotumia SP-1200 ya E-mu, mashine ya mwaka 1987 ya kuchota vipande vya sauti, yenye nafasi ya sekunde 10 tu, walipiga santuri ya mizunguko 33 kwa dakika kwa mwendo wa 45 ili kipande kifupike, kisha wakakipunguzia mwendo ndani ya mashine hiyo. Ule mkwaruzo wa sauti uliobaki ukawa ndio ladha.

Na anayetaka kuchota kwetu asisahau kwamba hazina kubwa ya Afrika Mashariki imo kwenye santuri ndogo za mizunguko 45, na iliyotangulia hizo, ikiwamo ile aliyoirekodi mwimbaji Siti binti Saad huko Bombay mwaka 1928, ni ya mizunguko 78. MK2 haina 78. SL-1200MK7 ya mwaka 2019 inayo, na Audio-Technica AT-LP120 pia. Kasi peke yake haitoshi: mfuo wa 78 ni mpana, unadai sindano yake. Ile ya kawaida itazama chini kabisa na kukusanya uchafu wa miaka tisini.

Utengenezaji wa SL-1200 ulisimama mwaka 2010 na kurejea 2016, hivyo nyingi zinazofika kwetu ni mitumba. Washa, uangalie nukta za ukingoni mwa sinia chini ya taa nyekundu: kidhibiti kikiwa sifuri, safu moja lazima isimame tuli. Safu hiyo ikitambaa, mwendo una kasoro. Tikisa mkono kwa upole. Ukicheza kwenye bawaba zake, acha. Kisha soma kibandiko cha umeme. Mashine zilizouzwa Japani ni za volti 100, na yenye kibandiko hicho ikichomekwa kwenye ukuta wa Dar es Salaam au Nairobi bila transfoma ya kushusha, itaungua kabla hujaweka sindano.