Pale Pikipiki Inapolala

Historia ya kuilinda pikipiki nyumbani katika Dar es Salaam ni historia ya ukumbi kuliko ya kufuli. Nyumba ya Kiswahili, iliyoenea Kariakoo na baadaye katika mitaa kama Ilala, Magomeni na Temeke, ilijengwa kwa mpango unaofahamika: mlango mkuu unaotazama barazani, ukumbi mrefu unaokwenda moja kwa moja hadi uani, na vyumba, aghalabu vitatu kila upande, ambavyo mara nyingi vilipangishwa kwa familia mbalimbali. Baiskeli, iliyokuwa mali ya kujivunia kwa mfanyakazi wa mjini zama za Waingereza, ndiyo iliyotangulia kulala humo, ikiegemezwa ukutani au kuingizwa chumbani kabisa, na pikipiki ikaja kuirithi nafasi hiyo pamoja na uzito unaozidi kilo 100 na harufu ya petroli.

Kwa miaka mingi pikipiki zilikuwa chache, na nyingi zilikuwa za mabwana shamba, mapadri na watumishi wengine waliozilaza katika nyua za ofisi au misheni. Hali iligeuka pale pikipiki za bei nafuu kutoka China na India zilipojaa sokoni katika miaka ya 2000, na kanuni za mwaka 2010 ziliporuhusu pikipiki na bajaji kupewa leseni ya kubeba abiria Tanzania Bara. Dereva wa bodaboda, jina lililozaliwa kwenye mpaka wa Uganda na Kenya enzi za baiskeli, mara nyingi aliendesha chombo cha mtu mwingine, ama kwa hesabu, yaani kiasi maalumu anachompelekea tajiri kila siku, ama kwa mkataba, ambao humfanya mmiliki akishamaliza kulipa. Kwa mtu huyo wizi wa usiku mmoja uliweza kufuta malipo ya miezi kadhaa.

Kiwandani pikipiki ilipewa loki ya usukani, yaani kipande cha chuma kinachochomoza na kuuzuia usukani ukiwa umekunjwa upande mmoja. Ulinzi huo ni hafifu, kwa kuwa humzuia mwizi kuendesha lakini haumzuii kubeba, na watu wawili wenye nguvu na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, hawana haja ya ufunguo. Ndiyo maana mnyororo ulipitishwa kwenye gurudumu na kufungwa kwenye nondo za dirisha, na ndiyo maana, zaidi ya yote, chombo kiliingizwa ndani.

Kazi hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ubao uliegemezwa kwenye kizingiti, au saruji ilimwagwa kwa mteremko pembeni mwa ngazi. Injini ilizimwa nje ili moshi usiwaamshe watoto, koki ya mafuta ikafungwa, na pikipiki ikasukumwa hadi ukutani kabla mlango haujatiwa komeo. Palipokuwa na pikipiki tatu, aliyetangulia kuingia alizibiwa njia na waliomfuata, kwa hiyo mwenye wateja wa alfajiri alilazimika kuchelewa kulala ili awe wa mwisho kuingiza. Kufuli halikuwa na macho, lakini ukumbi ulikuwa nayo, maana mgeni hakuweza kuupita bila kusikika na wapangaji wa vyumba vyote sita. Nje ya mlango palikuwa na balozi wa nyumba kumi, ngazi ya uongozi iliyoanzishwa na chama cha TANU katikati ya miaka ya 1960, na baadaye doria za sungusungu, ulinzi wa jadi uliochipuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980 dhidi ya wezi wa ng'ombe.

Nyumba mpya za pembezoni mwa jiji nyingi hazina ukumbi wa aina hiyo. Kila chumba kina mlango wake unaotazama nje, ua una geti, na pikipiki husimama chini ya bati, au hulazwa kwa malipo kwenye eneo lenye mlinzi. Wenye nyumba wanaoogopa moto wamekataza petroli ndani, na mpangaji mwenye chombo huuliza habari za geti kabla ya kuuliza kodi.