Safu ya Lugha: Aina, Mbegu na Mchele wa Kyela
Wauzaji wa mchele mijini wameuzoea msemo “aina ya Kyela”, nao wanunuzi, ambao aghalabu hawajapata kuiona nchi ile ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, huupokea bila ya kuudadisi, ilhali Kyela ni jina la mahali, na mahali si aina. Aina, neno tulilolipata kwa Kiarabu, ni kundi lenye sifa zake mahususi. Mbegu ni punje itiwayo ardhini ili izae. Na mkulima wa Ipinda, huko Kyela, huchagua mbegu ya aina aitakayo, iwe Kilombero, Supa, Zambia au Saro, kisha mavuno yote hayo yakifika sokoni huvikwa jina moja. Kilombero nalo, ni kweli, asili yake ni jina la bonde la Morogoro, lakini limekwisha kuwa jina la aina hasa, kwa kuwa mpunga huo huitwa hivyo hata ukioteshwa mbali na huko.

Tofauti hii si ya maneno matupu. Saro, iliyotoka kwa watafiti wa Ifakara, hushinda kwa wingi wa mavuno, lakini harufu yake ni ya kiasi tu. Supa na Kilombero huzaa haba kuliko hiyo, na walaji huzipenda kwa harufu na ladha ya wali wake. Muuzaji basi na aseme “Supa ya Kyela” au “Saro ya Kyela”, wala asiite mbegu kile kilichokwisha kukobolewa, maana mchele haumei.