Fedha ya Duarani, Ng'ombe wa Nyumbani

Kila mwaka ninapofundisha mada ya uhamiaji na uchumi wa nchi zinazoendelea, wanafunzi wangu huanza na diaspora: muuguzi aliyeko Uingereza, dereva wa lori aliyeko Marekani, binti anayefanya kazi za ndani Oman. Siwalaumu, kwa kuwa ndivyo vitabu vinavyoanza. Fedha inayovuka mpaka huingia katika urari wa malipo ya nje na Benki Kuu huitolea taarifa. Fedha anayoituma mchimbaji wa Nyarugusu kwa mama yake Kishapu haivuki mpaka wowote, hivyo katika hesabu hizo haimo. Nami nimelelewa na fedha hiyo isiyohesabiwa, kwa hiyo msomaji anisamehe nikiiandika historia yake kwa kuwataja watu wa nyumbani kwetu.

Marehemu babu yangu alikuwa manamba. Alitoka Shinyanga akiwa kijana, akapanda treni, akaenda kukata mkonge Tanga. Aliporudi alinunua ng'ombe. Kwake habari hiyo ilikuwa na sentensi hizo tatu tu, na tulipomdadisi zaidi alibadilisha mazungumzo.

Babu hakuwa wa kwanza. Watu wa Usukuma na Unyamwezi walikwenda pwani kwa miguu wakiwa wapagazi wa misafara kabla Mjerumani hajafika, wakiwa na mzigo wa takribani kilo 30 begani. Wengi waliondoka kiangazi na kurudi mvua zilipokaribia ili walime. Ilikuwa kazi ngumu, lakini mtu aliweza kuikataa. Kodi ya nyumba iliyoanza kutozwa mwaka 1898 ilibadilisha jambo hilo. Serikali ilitaka fedha taslimu, na penye mtama na mifugo pasipo soko, fedha taslimu ilipatikana kwa kuuza nguvu za mwili. Mkonge ulikuwa umekwishaletwa Tanga mwaka 1893, na reli ya kutoka Tabora kupitia Shinyanga ilipofika Mwanza mwaka 1928, njia ya kwenda mashambani ikawa fupi.

Ujira wa manamba ulihesabiwa kwa kipande: kadi ya siku 30 za kazi, ambazo mtu angeweza kuzimaliza kwa miezi miwili asipokuwa na afya. Ujira huo ulikuwa wa mtu asiye na mke wala mtoto. Mwajiri alijua kwamba familia ilikuwa Shinyanga ikijilisha kwa jembe la mwanamke, na kwamba mfanyakazi akichoka au akiugua angerudishwa huko huko. Tunaposema mhamiaji aliusaidia uchumi wa nyumbani, tukumbuke kwamba nyumbani kulikuwa kumetangulia kuusaidia uchumi wa mkonge, tena bila malipo.

Kuna msemo wa maofisini, niliousikia hata kwa watumishi waandamizi, kwamba Msukuma ana asili ya kuhamahama. Miaka ya 1950 inaukanusha. Bei ya pamba ilipokuwa nzuri na wakulima walipoanza kuiuza kupitia vyama vyao wenyewe, vilivyoungana mwaka 1955 katika shirikisho la Victoria chini ya uongozi wa Paul Bomani, vijana wa Usukuma walipungua katika mashamba ya mkonge. Walibaki nyumbani kwa sababu nyumbani kulilipa. Mwaka 1976 serikali ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, na hata viliporudishwa miaka ya 1980 havikuwa tena kile ambacho wazee walikijenga. Mkulima aliyeuza pamba kwa mkopo akasubiri malipo msimu mzima hahitaji asili yoyote ili aondoke.

Safari hii aliondoka kuelekea magharibi. Geita, iliyo Uzinza, haikuwa ngeni kwa Wasukuma: baada ya Vita Kuu ya Pili wakoloni walifyeka mapori ya mbung'o na kuwahimiza watu wenye mifugo wahamie huko. Dhahabu nayo ilikuwa ya zamani, maana mgodi wa kikoloni wa Geita ulifungwa mwaka 1966. Jipya lilikuwa soko. Kuanzia mwaka 1990 serikali iliruhusu dhahabu ya wachimbaji wadogo inunuliwe kupitia benki ya umma kwa bei iliyokaribiana na ya magendo, na rashi zikafuatana kutoka kilima hadi kilima.

Kaka yangu mkubwa aliondoka katika miaka hiyo, nami nikiwa shule ya msingi. Duarani hakuna mshahara. Mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara aliyegharimia chakula na magogo ana lake, wachimbaji hugawana mifuko ya mawe iliyobaki, na kila mmoja hubeba bahati yake hadi kwenye karasha. Mtu anaweza kukaa miezi minne bila kitu, kisha juma moja likamletea fedha ambayo mwalimu huipata kwa mwaka. Fedha ya namna hiyo haipangiki. Kaka aliituma kwa bahasha, mkononi mwa kondakta au jirani anayerudi, na bahasha nyingine hazikufika. Zilizofika zilinilipia ada kuanzia kidato cha kwanza. Zilizozidi zilikuwa ng'ombe.

Kwa nini ng'ombe? Wachumi wenzangu hujibu upesi kwamba wananchi wetu hawana elimu ya uwekezaji. Mimi naona walikuwa na kumbukumbu. Aliyeweka noti miaka ya 1980 aliona shilingi ikiporomoka mikononi mwake. Aliyewekeza katika ushirika aliona ushirika ukivunjwa kwa tamko. Ng'ombe huzaa, na huuzwa siku ile ile mgonjwa anapohitaji kupelekwa hospitali.

Hata hivyo sitaki kumtetea ng'ombe kupita kiasi, kwa sababu hapa ndipo penye fundo. Ng'ombe hula majani, na Shinyanga ilikuwa imekwisha kufyekwa kwa ajili ya mbung'o na pamba. Hali ilikuwa mbaya kiasi kwamba mwaka 1986 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliorudisha miti kwa kutumia ngitili, utaratibu wa Wasukuma wenyewe wa kutenga malisho. Lakini mifugo ilizidi ardhi, na wenye makundi makubwa wakaanza kuyaswaga kwenda Rukwa, Usangu na Kilombero. Fedha ya uhamiaji iligeuka mifugo, na mifugo ikadai uhamiaji mwingine, mkubwa kuliko wa kwanza, wa familia nzima na mali zake. Wafugaji walipoondolewa Ihefu mwaka 2006, sehemu ya mali iliyokuwa ikifukuzwa ilikuwa imeanza kama akiba ya wachimbaji na wakulima wa pamba.

Wachimbaji nao walikwisha kuonja kufukuzwa. Agosti 1996 waliondolewa Bulyanhulu ili kupisha mwekezaji, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001, mwaka mmoja baada ya ule wa Geita. Kuhusu siku zile yamesemwa na kubishaniwa mengi. Nitaongeza moja tu: katika vijiji vingi vya Kahama na Shinyanga, kuondolewa huko kulionekana kwa bahasha zilizoacha kuja.

Baadaye simu ilichukua nafasi ya kondakta, na kwa miaka kadhaa fedha ilifika salama. Kisha Julai 2021 ikaja tozo ya miamala, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kwa muamala, kwa anayetuma na kwa anayetoa. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huo baada ya malalamiko. Waliobuni tozo ile, nadhani, waliiona miamala ya simu kama biashara. Hawakuona kwamba sehemu yake kubwa ni mtoto anayemnunulia mama yake dawa. Kodi ya 1898 ilimtoa babu nyumbani akatafute fedha. Ya 2021 iliikuta fedha njiani ikirudi.

Kaka amerudi kijijini. Ana kikohozi kisichopona, na daktari aliyempiga picha ya kifua alimuuliza swali moja: alifanya kazi kwenye karasha kwa miaka mingapi? Hakuna mwajiri wa kudaiwa fidia, maana hakuwahi kuajiriwa. Hana mafao, na bima aliyonayo nimemkatia mimi. Tangu mwaka jana ameuza ng'ombe sita. Waliobaki ni wanne, na kila mwisho wa mwezi namtumia fedha kwa simu, kutoka mjini kwenda kijijini, katika nchi hiyo hiyo moja.