Ikisiri: Kwa Nini Hukaa Mbele

Ikisiri ni maelezo mafupi yanayotangulia makala ya kitaaluma: mwandishi amechunguza nini, kwa njia gani, na amegundua nini. Majarida kama Mulika na Kioo cha Lugha huiweka kabla ya makala yenyewe. Neno hili na muhtasari yana mzizi mmoja wa Kiarabu wenye maana ya kufupisha, ila yamegawana kazi. Muhtasari ni wa kikao, au wa somo zima. Ufupisho ni zoezi la mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa sekondari nchini Kenya, aliyekwisha kusoma kifungu. Ikisiri husomwa kwanza.

Kutangulia huko ndiko kunakoipa nguvu. Mwaka 1972 wanasaikolojia wa Marekani, John Bransford na Marcia Johnson, waliwasikilizisha watu kifungu kuhusu kupanga vitu mafungumafungu, kwenda kwingine vifaa vikikosekana, na kutofanya vingi kwa mpigo. Maneno mepesi, lakini habari haishikiki mpaka ujue kwamba inahusu kufua nguo. Waliotajiwa mada kabla ya kusikiliza walikumbuka wastani wa hoja 5.83 kati ya 18. Wasiotajiwa walikumbuka 2.82, na waliotajiwa baadaye, 2.65. Hawa wa mwisho walipewa mada ileile, ila ilikuja wakati habari imeshapita bila kueleweka.

Vichwa vya habari navyo huongoza kumbukumbu. Mwaka 1977 Ely Kozminsky alionyesha kwamba matini moja ikipewa vichwa tofauti, wasomaji hukumbuka zaidi hoja zinazoendana na kichwa walichopewa. Kichwa kinachopotosha, basi, hupotosha pia kitakachobaki akilini.

Ndiyo maana ikisiri ya ahadi tupu haitoshi. “Makala haya yanajadili nomino za wanyama” haimpi msomaji pa kuanzia. Afadhali: “Nomino za wanyama, ziwe na umbo lolote, huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA.” Aliyesoma hivyo, akikutana na “kifaru amelala” au “mbuzi wanalia”, anajua mara moja mifano hiyo inathibitisha nini, na ana pa kuihifadhi.

Kwa hiyo ikisiri iandikwe mwisho, mwandishi akishajua alichogundua, kisha iwekwe mwanzoni, matokeo yakiwa yametajwa waziwazi.