Khabari za Nyota na Wapelekao

Katika ilimu ya falaki, sifa ya kuona kitu kipya mbinguni haikutosha kuwa ya macho peke yake; ilimpasa aliyekiona apeleke khabari yake kwa wenziwe, akitaja siku, saa na mahali, hata mtu aliye nchi ya mbali aweze kuitazama sehemu ile ile na kumsadiki.

Sharti hilo alilitimiza tabibu wa Misri, Ali bin Ridhwani, aliyeiona katika ujana wake nyota kubwa ya mwaka 1006 katika buruji ya Akrabu. Kwani alipokuja kukifafanua kitabu cha Batlamyusi, mnajimu wa kale, hakuridhika kusema kuwa ilikuwa kubwa kuliko Zuhura mara mbili na nusu au tatu, bali alizitaja na nyuzi za jua, mwezi na sayari za wakati ule. Kwa hesabu hizo wataalamu wa zama zetu wameitambua tarehe, 30 Aprili, na wakiipatanisha na maandishi ya Wachina wakayatafuta mabaki ya nyota ile, wakayapata mwaka 1965 kwa darubini ya redio.

Posta ndiyo iliyoleta mashindano. Mwaka 1831 Mfalme Frederick VI wa Denmark aliahidi nishani ya dhahabu kwa atakayegundua kwa darubini nyota mpya yenye mkia, ilimradi aandike kwa posta ya kwanza bila kukawia. Usiku wa tarehe 1 Oktoba 1847, juu ya paa la benki katika kisiwa cha Nantucket, Marekani, Maria Mitchell aliiona nyota ya namna hiyo, na kwa hadhari yake akataka kuyakinisha kwanza. Lakini babake akaandika barua kwenda Harvard tarehe 3, siku ile ile ambayo padri Francesco de Vico aliiona mjini Rome. Khabari ya padri ikatangulia kuenea Ulaya, ikambidi Edward Everett, rais wa Harvard, kumtetea bibi yule kwa barua hata akapata nishani yake mwaka 1848.

Zilipokuja simu za waya, mwaka 1882 iliwekwa mjini Kiel, Ujerumani, ofisi ya kupokea na kueneza khabari hizi, ambayo vita vya 1914 viliihamishia Copenhagen, kisha mwaka 1965 ikaenda Cambridge, Massachusetts. Na kwa kuwa tarakimu moja iliyokosewa njiani ingewapeleka watazamaji pasipo na kitu, mahali pa nyota paliandikwa kwa mafungu ya tarakimu, na mwisho ikatiwa jumla yake, ili apokeaye ahakikishe.

Faida ya mpango huo ilidhihirika tarehe 24 Februari 1987, Ian Shelton alipoigundua, huko Las Campanas nchini Chile, nyota iliyolipuka katika Wingu Kubwa la Magellan, ambayo tangu 1604 haikupata kuonekana mfano wake waziwazi kwa macho matupu. Huko Australia Robert McNaught alikuwa ameipiga picha tarehe 23, ila alikuwa hajaichunguza. Na huko Kamioka, Japani, mtambo ulio chini ya ardhi ulikuwa umekwisha kunasa siku hiyo chembe chache ziitwazo nyutrino zilizotoka humo, pasi na mtu kujua. Khabari ilipowafikia ndipo kila mmoja alipofungua kumbukumbu zake akakuta ushahidi, na ilimu ya jinsi nyota zinavyokufa ikazidi kwa vitu ambavyo wenyewe walikuwa navyo tayari, wakisubiri tu kuambiwa watazame wapi.