Nani Atayeyusha Chuma Mwaka 3000?

Sisi tunaopenda hadithi za kubuni za kisayansi tuna ubishi mmoja usiokwisha vijiweni. Tuseme watu wa mwaka 3000, wenye vyombo vya kuruka toka nyota hii hadi ile, wameanguka kwenye sayari isiyo na kiwanda wala umeme. Je, wataweza kutengeneza hata jembe? Wengi hujibu haraka: "Aa, bwana, aliyeweza kubwa atashindwaje dogo?" Mimi nasema atashindwa, tena vibaya, labda apate mwalimu. Na ushahidi ninao, tena wa historia.

Tuanze na watunzi, maana wao walishtuka mapema. Mwaka 1909 Mwingereza E. M. Forster alitoa hadithi ya The Machine Stops. Humo watu wanaishi chini ya ardhi, kila mmoja chumbani mwake, na Mashine inawalisha, inawapa hewa, inawapigia hadi muziki. Siku chombo cha kuikarabati Mashine kilipoharibika chenyewe, hakuna aliyejua pa kushika. Kila fundi alijua kipande chake tu.

Mwaka 1958 Isaac Asimov wa Marekani akaja na The Feeling of Power. Huko kompyuta ndizo zinazobuni kompyuta, na fundi mmoja wa cheo cha chini, Aub, anagundua upya namna ya kuzidisha kwa karatasi na kalamu. Wakubwa wa jeshi wanamkodolea macho kama mganga. Kisa nini? Tisa mara saba! Kitu ambacho mtoto wa shule ya msingi anakiimba kwa kuogopa fimbo. Lakini mwisho wake hauchekeshi. Wakubwa wanapiga hesabu na kuona kwamba binadamu ni rahisi kumtumbukiza ndani ya kombora kuliko kompyuta ya bei mbaya. Aub anajiua.

Utasema hayo ni maneno ya watunzi. Basi tuingie kwenye yaliyotokea kweli.

Roketi ya Saturn V, yenye urefu wa mita 110 hivi, ndiyo iliyowapeleka Wamarekani mwezini. Chini yake zilikaa injini tano za aina ya F-1, kila moja ikisukuma kwa nguvu ya tani zipatazo 680. Iliruka mara ya mwisho mwaka 1973. Mitaani husemwa eti michoro yake ilipotea. Si kweli, michoro ipo. Kilichopotea ni kingine. Wahandisi vijana wa NASA huko Huntsville, Alabama, walipoifungua injini moja iliyokuwa imelala stoo, walikuta kwamba mafundi wa kulehemu wa miaka ya 1960 walikuwa na ujanja wao wa mkononi, mwingine haukuandikwa popote. Ikabidi vipande vipimwe upya kimoja kimoja. Januari 2013 wakafaulu kuwasha sehemu moja, ile inayozungusha pampu za mafuta. Hebu fikiri: taifa lililofika mwezini linajifunza upya kazi ya babu zake, na muda uliopita ni miaka 40 tu!

Sasa turudi nyumbani, Kagera. Wahaya na waliowatangulia waliyeyusha chuma magharibi mwa Ziwa Victoria kwa zaidi ya miaka 1,500. Chuma cha bei nafuu cha Ulaya kilipoingia, matanuri yakazimwa. Mwaka 1976 mtafiti Peter Schmidt aliwaomba wazee waliowahi kuifanya kazi hiyo ujanani waijenge tena tanuri. Nusu karne ilikuwa imepita! Wazee wakatafuta udongo wa kichuguu, wakachoma nyasi za bwawani chini ya tanuri, wakapanga mkaa na mawe ya chuma, wakasukuma mivukuto. Haikuwa lelemama, maana mikono nayo husahau. Lakini chuma kilitoka. Mwaka 1978 Schmidt na mwenzake Donald Avery wakaandika habari hiyo katika jarida la Science, wakidai kwamba hewa ilipashwa moto ndani ya mabomba ya udongo kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine wamelipinga dai hilo, na ubishi wao ni mrefu. Mimi ninachokishika ni kimoja: bila wale wazee, profesa na vitabu vyake vyote angebaki na mavi ya chuma mkononi.

Kwa hiyo tatizo la mtu wa mwaka 3000 ni lipi? Naona ni matatu. Kwanza, teknolojia ya zamani si "rahisi", ni ujuzi wa mtu mwingine. Pili, kila chombo kina ukoo wake: jembe linataka chuma, chuma kinataka mkaa, mkaa unataka anayejua mti gani wa kukata. Tatu, elimu nyingi haikai kichwani wala kitabuni, inakaa kwenye vidole.

Nimtendee haki mpinzani wangu. Watu wa mbele wana faida moja kubwa: wanajua kwamba jambo linawezekana, na wanajua sababu zake. Hawatahitaji miaka elfu ya kubahatisha. Wale vijana wa Huntsville walitumia kompyuta kupima kile ambacho wazee walikadiria kwa jicho. Nakubali. Lakini kujua sababu hakuchongi mpini, na njaa ya sayari ngeni haisubiri mtu amalize majaribio.

Vijana wenzangu mnaoshika kalamu, hapa ndipo penye kazi yetu. Ukiandika kuhusu mwaka 3000, usimpe nahodha wako jembe la bure. Mfanye ahangaike, aungue vidole, amtafute bibi mmoja anayekumbuka. Hadithi itakuwa tamu zaidi, tena ya kweli zaidi.

Na wala usisubiri mwaka 3000. Mtaani kwetu yupo mzee anayetengeneza vibatari kwa makopo. Hana mwanafunzi hata mmoja, na wanawe wote wanauza simu. Siwalaumu, kibatari hakilipi kodi ya nyumba. Ila mzee huyo akienda, ataondoka na namna ya kukunja ule mshono usiovuja mafuta. Na kwenu je, yuko nani? Msuka mitego ya samaki? Mfinyanzi? Mfua visu? Chukua daftari, nenda ukakae naye, uliza, andika, kisha ujaribu kwa mikono yako mwenyewe. Nenda wiki hii, maana wazee hawa hawana kazi ya kutusubiri.